Paa Lililoachwa Wazi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika hapa Cheyo, marahaba. Mama yako mzima, goti langu ndilo linalonung'unika. Lakini tangu niliposoma katika barua yako kwamba fundi ameezua paa lako na kukukimbia, nawe hutaki kuliziba mpaka hakimu alione, sina raha. Simu yako nayo haipatikani.

Nilipokuwa msichana, fundi aliezua ghala letu ili aliezeke upya, kisha akaenda kuezeka kwa mwingine. Mjomba akaleta turubai. Baba akakataa: "Nikilifunika, nitakuwa nimemsamehe." Mama alitazama mawingu. Mvua ikashukia karanga zetu zote.

Wazee wa baraza walimwamuru fundi arudishe malipo na agharimie fundi mwingine.

"Na karanga zangu?" Baba akauliza.

Mzee mmoja akamjibu taratibu, "Ahadi kavunja fundi. Lakini mvua uliiona inakuja, na turubai ukalikataa."

Mpaka leo namwona mama akichambua karanga zilizoota.

Piga picha, mama, halafu ufunike. Haki yako utaidai ukiwa mkavu. Barua hii nampa mtu wa basi sasa hivi, maana huku mawingu yametanda tangu asubuhi.

Huko kwako je?

Bibi yako