Kalamu Nyekundu kwa Jackline

S.L.P. 17,
Chimala, Mbeya.
14 Aprili 2025

Mpendwa binti yangu Devota,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini wewe na Jackline mko wazima huko Leeds, na baridi imepungua. Sisi hatujambo. Goti la mama yako limepoa, na mpunga wa mwaka huu umechanua vizuri.

Sasa nakuja kwa Jackline. Mwaka jana mjukuu wangu aliniandikia kwa simu, kwa Kiingereza chao cha mtaani, kwamba anataka tuwe tunapiga soga. Nikanakili ujumbe wake kwenye karatasi, nikausahihisha kwa wino mwekundu, nikampa kumi na moja kwa ishirini, nikaupiga picha na kumrudishia. Ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wa Iringa miaka thelathini na minne, nao walishukuru. Jackline alinyamaza. Huu ni mwezi wa tisa.

Nilikosea. Mtoto alileta salamu, mimi nikampa maksi.

Kwa hiyo nimerudi shule. Kila Jumamosi napanda basi hadi Igawa kwa Alinanuswe, mwenye nyumba ya wageni wanamolala madereva wa malori kutoka Zambia. Kiingereza cha mtaani anakijua chote. Ni mwanafunzi wangu wa zamani; nilimfelisha mara mbili, wala hajasahau.

"Shikamoo, mwalimu," alisema siku ya kwanza, madereva wakisikia. "Kiingereza chako kimevaa tai. Kivue kwanza, ndipo tuanze."

Walicheka sana. Nilivumilia. Sasa najua kwamba "catch up" ni kuketi na mtu mkapeana habari mlizokosa, na "hang out" ni kukaa pamoja bila shughuli maalumu. Misemo hiyo haikuwamo katika vitabu vyangu, lakini ina kanuni zake, na kanuni hazijawahi kunishinda.

Ndani ya bahasha hii kuna daftari lenye sentensi arobaini nilizotunga mwenyewe kwa lugha ya Jackline. Mpe alisahihishe, wala asinionee huruma. Atajibu. Ni damu yangu. Hawezi kuona kosa akaliacha.

Msalimie mumeo Philbert, na wifi yako Severina. Mungu awatangulie kila mwendako.

Ni mimi baba yako, ninayekukumbuka kila siku,
Sosthenes Kalinga

Tanbihi: Kalamu nyekundu iliyomo kwenye bahasha ndiyo ile niliyosahihishia ujumbe wake. Sina nyingine, wala sitanunua.