Hamisi Kalala Jenezani

Mdogo wangu Somoe,

Salamu toka Keko, joto la huku halina adabu. Mwanao Hamisi anaongoza filamu ya msiba. Jana mwigizaji wa maiti hakutokea, basi akalala mwenyewe kwenye jeneza aliloazima kwa mafundi. Akaniamuru mie, mfiwa wake wa filamu, "Mama, lia!" Nikamjibu, "Toka humo, mie sikulilii." Majirani walipoona turubai alilofunga uani wakaja na kuni, wakidhani ni msiba kweli. Mmoja akanikumbatia, "Pole, mama." Hapo nikalia hasa. Hamisi akainuka, "Safi sana, mama!" Majirani wakatimua mbio.

Yeye kafurahi, mie roho haijatulia. Kila akinyamaza namwita mpaka aitike. Mwombee huko Newala, nawe ujitunze, kipenzi changu.

Dada yako,
Mama Hamisi