Shangazi aliyegoma kusema amina

Shoga, acha unachofanya usome. Ni shangazi yangu fundi cherehani, yule yule anayewafundisha kina mama kanisani kwamba wasiwasi ni kumkosea Mungu adabu.

Leo mumewe kaenda hospitali kuchukua majibu ya kile kivimbe cha shingoni. Shangazi kamsindikiza mpaka mlangoni: "Nenda kwa amani, nimeshamwachia Bwana."

Mume kupinda kona tu, shangazi huyo kapiga magoti katikati ya vitambaa, wateja wamejaa sebuleni.

Kaomba mpaka kamwelekeza Mungu mlango wa daktari. Wifi yake akanong'ona, "Wifi, huyo unamwomba au unamtuma?"

Kila akikaribia amina, anarudi mwanzo. Kumbe anaogopa. Akisema amina maombi yameisha, yanabaki majibu.

Macho kayafumba, hata hakumwona mumewe akiingia.

"Mama, sema amina," mume akamwambia.

"Usinikatize, bado nakuombea majibu."

Shoga, bado nakuombea majibu. Anamwambia mwenye majibu.

"Basi mwambie nimesharudi. Kivimbe ni mafuta tu, hayana neno."

Akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akamshika mume shingo, pale pale penye kivimbe, machozi yakamtiririka. Ndipo amina ikatoka, ndogo kama ya mtoto.

Halafu akasimama, akajikung'uta nyuzi, akawageukia wateja: "Mnaona raha ya kutokuwa na wasiwasi?"

Mteja mmoja akainua gauni lake, lile shangazi alilolishona asubuhi. Mkono kaushonea shingoni.