Kaburi la Bibi Ndani ya Mita Tatu

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikainua kalamu, nikakaa kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Basi niendelee.

Tangu tukuzike, nyumba imekuwa na nafasi nyingi mno. Mama bado anasonga ugali wa kipimo kilekile, halafu anautazama. Mimi niko kidato cha tatu sasa. Ningeanza na habari njema, lakini nimebanwa na jambo la Bibi, na sina mwingine wa kumweleza.

Lile eneo la Lukole alikozikwa Bibi wakati wa kambi ya wakimbizi limepata mkulima. Ni Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Tulimfuata kumsihi. Hakutufukuza. Alisema, "Nionyesheni lilipo, nitalipita kando. Msiponionyesha, mama, ng'ombe hawajui kaburi." Mvua ya kwanza ikinyesha, analima.

Unajua hali ya pale. Msalaba uliliwa na mchwa, mawe yakabebwa na watu wa kujenga. Ndiyo maana ulipima mahali pale kwa GPS yako ya kupimia mashamba, ukanikaririsha tarakimu zake kama sala. Nilikuwa nacheka. Jirani aliyeiazima baada ya msiba alifuta alama zako zote ili apate nafasi ya kuweka zake. Kilichobaki ni kichwa changu.

Niliziingiza tarakimu kwenye GPS, tukapanda pikipiki kutoka hapa Keza, Mama nyuma yangu ameshika jembe. Mshale ukatupeleka katikati ya shamba la mihogo la mtu. Tulizunguka mpaka Mama akakaa chini. Akasema, "Umesahau, mwanangu." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Njia nzima ya kurudi nilizirudia tarakimu kwa sauti, hadi dereva akaniuliza naimba kwaya gani.

Sikuwa nimesahau, Baba. Nilipofungua mipangilio ya kifaa niliona jirani amebadilisha mfumo wa ramani. Wewe ulipima kwa mfumo wa zamani, ule wa ramani za ofisi ya ardhi, na yeye ameweka mpya. Tarakimu ni zilezile, lakini kila mfumo unaziweka mahali pake, na kutoka hapa hadi pale ni mita mia kadhaa. Nikaurudisha wako. Siku hiyohiyo tukasikia kwamba kule Kaniha, upande wa Lukole, mvua imeshanyesha.

Tulipofika Lukole mara ya pili, Mzee Masanja alikuwa ameshafunga nira. Nilifanya yote uliyonifundisha ulipokuwa ukinifichia makopo ya karanga migombani niyatafute kwa GPS. Niliweka betri mpya. Sikuisoma GPS chini ya mikaratusi inayoziba anga. Niliishika bapa mbele ya kifua, ikitazama juu, bila kuikinga kwa mwili wangu, nikaisubiri ipate satelaiti za kutosha kabla sijaiamini. Nilifika, nikaondoka, nikarudi kutoka upande mwingine, kwa sababu mshale huanza kuyumba ukikaribia. Hapo nilikusikia kabisa: "Satelaiti haina miguu wala macho. Tumia yako." Nikaiacha ipime tena na tena, ichukue wastani. Kosa lake likagoma kushuka chini ya mita tatu.

Na ndani ya mita tatu hizo, Baba, kuna makaburi manne. Yote yametitia, yote yamelala sambamba, hakuna lenye alama.

Mama ananitazama. Mzee Masanja ananitazama. Wote wanasubiri kidole changu. Ningeonyesha lolote, wangeamini. Nikasema sijui. Nikasema kifaa hakiwezi kusogea zaidi ya hapo, wala mimi siwezi. Nililia mbele ya watu, jambo ambalo hukulipenda kamwe.

Mama alipiga magoti kwenye kaburi la kwanza, akaanza kung'oa majani. Akalimaliza, akahamia la pili.

"Mama, kwani ninyi mna makaburi mangapi hapa?" Mzee Masanja akauliza.

"Moja," Mama akajibu bila kuinua kichwa. "Hawa wengine nao wana wenyewe."

Mzee akaniambia, "Haya binti, futa machozi. Hiyo mashine yako inaishia wapi? Tembea nione."

Nikatembea duara lote la mita tatu. Alikata matawi ya minyaa, akanifuata nyuma akiyachomeka kila nilipokanyaga, akilalamika kwamba nina hatua za twiga na nitammalizia shamba. Halafu akawaswaga ng'ombe. Jembe la ng'ombe lilipofika kwenye minyaa likakata kona, likapita nje.

Sijui bado Bibi ni yupi kati ya hao, na huenda nisijue. Nakuahidi kila kiangazi nitakwenda kupalilia yote manne. Minyaa ikifa nitapanda mingine. Tarakimu nitamkaririsha mtoto wangu, pamoja na jina la mfumo wake wa ramani.

Nakuacha hapa, Baba, Mama ananiita nikachote maji. Ukimwona Bibi, mwambie tulifika. Na wale majirani zake watatu, waulize majina yao, uyashike mpaka nije.

Mwanao,
Evelina