Persida na Upepo wa Kupita

Jumamosi, 8 Desemba

Arobaini ya Todor imepita. Makaburini baridi ya kukata masikio. Ngano ya kuchemsha, mishumaa, chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda. Padri kakimbiza maombi, na simlaumu, pua ilikuwa imemwiva. Watu wamekula, wamelia kidogo, wamekwenda zao. Nimebaki mimi na nyoka.

Nyoka! Wenzangu waume zao wakifa wanawaachia shamba, au angalau mbuzi. Wangu kaniachia chatu. Tena chatu mwenye jina la mama yangu: Persida. Alimpa jina hilo mama akiwa hai, akacheka wiki nzima. Mama aliposikia alisema, "Afadhali huyo, hakoromi kama mkwe wangu."

Tatizo — hataki kula. Tangu Todor afariki hajagusa panya hata mmoja. Nawatoa kwenye friza, nawayeyusha barafu, nawapasha kwa maji ya moto kama alivyofanya yeye, wapi! Anageuza kichwa.

Mwanangu Veselin kaniambia mlangoni, koti mwilini, safari ya kurudi Linz, ughaibuni: "Mama, nikija Krismasi nikakuta bado hali, nampeleka kwa yule jamaa wa mji wa Niš. Ana nyoka tele, anawajua."

"Persida ananijua mimi."

"Nyoka hamjui mtu, mama."

Hee! Nimemzaa mwenyewe, leo ananifundisha. Lakini hapeleki mtu. Nyumba hii imeshatoa mmoja mwaka huu, inatosha.

Jumatatu, 10 Desemba

Mabomba ya joto yanachoma na hewa imekauka. Midomo yangu imepasuka. Kipimo cha unyevu kabatini mwa Persida kimeshuka, ngozi yake imekunjamana mgongoni. Nimechukua chupa ya kunyunyizia ninayopigia pasi, nimelowesha makumbi ya nazi anayolalia. Taulo mbichi juu ya bomba. Beseni la maji chini. Chumba kinanuka kama siku ya kufua.

Wakati nanyunyiza nikakumbuka kabati lenyewe. Lilikuwa la vyombo vya arusi yetu! Vioo, taa ndani, sahani zenye ukingo wa dhahabu. Siku moja narudi kutoka kazini — sahani zimefungwa magazetini chini ya kitanda, Todor yuko magotini anatoboa mashimo ubavuni kwa keke. "Zile sahani tumezilia chakula lini?" akaniuliza, akajijibu mwenyewe: "Mara moja, alipokuja mkurugenzi wako, na supu ilikuwa ya chumvi." Sikumsemesha siku nzima. Sasa ningempa na meza aitoboe.

Ijumaa, 14 Desemba

Theluji. Ljubinka wa mlango wa pili kaja na keki ya mfungo, isiyo na yai wala siagi, nzito kama tofali. Nimemsifu, nimeila.

Akaweka kiganja kwenye mashimo ya kabati. Akaguna. "Stamena, hapa unapita upepo! Ndiyo maana hali. Masikini, ana baridi ya shingo."

Shingo ya nyoka inaanzia wapi, sijui. Lakini upepo wa kupita naujua vizuri. Umemlaza shangazi yangu miaka, umempinda mdomo fundi wa saa pale sokoni. Nikaleta selotepu. Tumeziba kila shimo, yeye anakata, mimi nabandika. Tumeziba na nyufa za mlango wa kioo.

"Nyoka wa nyumba hauawi, wala haachwi afe," akasema. "Akifa, mwenye nyumba anamfuata."

"Mwenye nyumba keshatangulia, Ljubinka."

"Sasa mwenye nyumba ni wewe, shoga."

Mdomo wake ungezibwa pia, na selotepu ilikuwepo.

Hata hivyo kipimo kimepanda. Joto zuri, unyevu mzuri. Nimejisikia bingwa. Todor na madirisha yake! Kila asubuhi ya baridi ugomvi uleule. Mimi nafunga, yeye anafungua. Mwishowe akawa ananituma: "Stamena, nenda kapike kahawa." Nikishaingia jikoni, anaufunga mlango nyuma yangu. Pa! Ananifungia nje kama paka, ili abaki na nyoka wake. Iliniuma, nasema kweli. Wana siri gani wale wawili? Kisha anagonga: "Toka sasa, umeokoka." Kila siku. Umeokoka.

Tangu afe, dirisha la chumba kile halijafunguliwa.

Jumatano, 19 Desemba

Mtakatifu Nikola, siku ya mtakatifu wa nyumba yetu. Msiba, kwa hiyo hakuna kuimba. Mshumaa, mkate, samaki wa mfungo. Mahali pa Todor kwenye meza nimepaacha.

Vioo vya kabati vina ukungu, simwoni Persida vizuri. Ljubinka anasema ni joto zuri hilo.

Alhamisi, 27 Desemba

Nimedhani ni birika. Mluzi mwembamba — fiii. Jikoni birika limezimwa. Ni Persida! Kichwa kakiinua juu, mdomo wazi kidogo, mapovu puani. Mungu wangu.

Kikapu cha sokoni. Sweta la Todor la sufu, lile la kijivu, bado lina harufu ya tumbaku yake. Chupa ya maji ya moto. Teksi. Dereva anauliza, "Mama, umebeba nini kizuri hapo?" Nikamwambia, "Mama yangu." Hakuuliza tena.

Daktari wa wanyama, yule yule aliyekuwa akimwona Todor na nyoka wake, ni binti mdogo, Jefimija, nywele kama za mvulana. Kasikiliza kifua. Kanusa sweta. "Kabati linanuka ukungu, siyo? Mashimo umeyaziba?"

Nikasema kwa fahari, nimeziba yote! Upepo wa kupita!

Akafunga macho kidogo. "Bibi, nyoka huyu anataka joto, anataka unyevu, lakini hewa lazima itembee. Ukimfungia kwenye mvuke, mapafu yanaoza. Kutokula hakunitishi, majira ya baridi wengi hawali. Mluzi ndio unanitisha."

Nilitaka ardhi inimeze. Mikono yangu hii! Nimekaa nanyunyiza, nabandika, namuua taratibu huku najipongeza. Nimelia pale pale, mbele ya mtu na mbwa wake.

Kampiga sindano ya kwanza. Kisha akasema, kama mtu anayesema neno la kawaida tu: "Mzee Todor hakukuambia? Kila asubuhi alikuwa anafungua dirisha, hewa ya chumba ibadilike. Nikamtania, mkeo anakubali? Akasema, simpi nafasi ya kukataa, namtuma kahawa na mlango wa jikoni naufunga mwenyewe. Ana shingo mbovu, upepo usije ukampata."

Nimerudi na kikapu mapajani.

Miaka yote hiyo. Nilidhani ananifungia nje.

Ijumaa, 28 Desemba

Nimebandua selotepu yote kwa kucha. Makumbi ya zamani jalalani, mapya ndani. Ljubinka kachungulia: "Utamuua kwa baridi!" Nikamwambia, "Jirani, keki zako nitakula, ushauri wako nenda nao." Kanuna. Atarudi.

Jumatano, 2 Januari

Sindano nyingine. Mluzi umepungua. Au nataka tu upungue. Usiku nakaa nasikiliza hadi masikio yanavuma.

Jumapili, 6 Januari

Mkesha wa Krismasi yetu ya Kiorthodoksi. Kama desturi, tawi la mwaloni limeegemea mlango, nyasi kavu nimezitandaza chini ya meza. Veselin na watu wake wako njiani tangu jana, na kreti ya kumpeleka Persida kwa yule jamaa wa Niš kaipakia garini. Kaniambia mwenyewe. Hata haya hana.

Persida amelala chini ya taa. Ngozi inang'aa. Leo mluzi sijausikia, nimetega sikio kiooni hadi likaganda. Nimempasha panya, nimemwekea, nimesema, "Haya, mama, usiniaibishe mbele ya mwanangu." Kageuza kichwa. Daktari alisema usimsimamie. Basi.

Nimefungua dirisha. Mimi! Baridi imeingia na harufu ya moshi wa kuni na kabeji ya mtu. Nimekaza shali. Nimekuja huku jikoni, nimeweka maji ya kahawa, na mlango nimeufunga mwenyewe. Haukulia pa. Umelia kidogo tu.

Naandika huku nangoja. Nangoja nini? Hakuna wa kugonga. Oh, Todor. Mjinga wewe, si ungesema tu! Ningekuwa napika ile kahawa kwa moyo mwingine.

Chumbani kumesikika kishindo. Kizito, mara moja, kama kiganja mezani. Lile gogo lake la kupandia limeanguka? Au amemdaka panya? Mkono uko kwenye kitasa. Hapana. Dirisha bado liko wazi, na Todor asingetaka nitoke.

Simu. Veselin! Wako chini, anapandisha mizigo, anauliza alete kreti sasa hivi au baadaye.

"Ngojeni huko kwanza," nimemwambia. "Msifungue mlango, mtapigwa na upepo. Dirisha liko wazi."

Kisha, polepole: "Mama... nani kalifungua?"