Nilifungia Mandazi Mwisho wa Kitabu

Mpendwa Mama Emerance, mushauri wetu wa radio,

Nakusalimia wewe, Papa wa kwako na watoto wote. Huku kwetu Kalemie Papa Jean-Baptiste ni muzima, mugongo tu njo unamusumbua, Guelord muzima, Olga na mutoto wake wazima, nkambo, muzee wetu, anakula vizuri. Keren wetu wa mwisho, mwili ni muzima lakini siku hizi haongei, na ni kwa ajili yake naomba msaada.

Mimi nauza mandazi karibu na gare, pale treni inasimama, shule niliacha mwaka wa tatu, kusoma kunanishinda, hata barua hii Guelord njo ananiandikia, lakini kila mchana nikikaanga Keren ananisomea kitabu alichoazima kwenye kikundi cha wasomaji cha parokia, na hiki nimekipenda kupita vyote, tunabishana mpaka mafuta yanaungua. Ni habari ya binti aliyevuka ziwa kwenda kusoma asimuandikie mama yake hata neno. Nikasema, huyu hana roho. Keren akasema, "Mama, labda kama angeandika, asingeweza kubaki kule." Neno lile likaniingia, sababu mwezi wa kumi yeye mwenyewe anaenda kusoma Lubumbashi. Zilikuwa zimebaki kurasa sita, nikaogopa mwisho utamufundisha kutorudi, alipoenda kuchota maji nikazichana, nikafungia watu mandazi.

Sasa anazani ni yeye alizipoteza, sababu kitabu kimezeeka, karatasi zinachomoka. Jumamosi ni zamu yake kueleza kitabu mbele ya kikundi, analia, na mimi niko nanyamaza. Jana Papa Delphin, muteja wangu wa kwenye reli, akarudi na karatasi yenye mafuta, anacheka: "Mama Bertille, mandazi yako imeisha, habari haijaisha. Binti amerudi, anapiga hodi kwa mama yake, karatasi inakatika. Mama alifungua?"

Nimuambie mutoto ao ninyamaze? Tuma jibu mbio, Jumamosi si mbali.

Mama Bertille

*

Mama Bertille,

Woga wako naujua, na mimi nimesindikiza watoto kwenda kusoma mbali. Lakini umefanya vibaya, na kunyamaza njo kubaya zaidi, sababu mutoto anabeba kosa lako. Ungengoja kurasa sita tu, ungesikia binti anarudi.

Leo, mbele ya kuwasha moto, muambie Keren yote, pamoja na ule woga wako wa Lubumbashi. Mwenye kuogopa ni wewe, kitabu hakina kosa. Atakasirika, muache akasirike. Kisha muende wote wawili kwa Papa Delphin mukachukue karatasi, na kwa wateja wengine munaowakumbuka. Kwa mukubwa wa kikundi uende wewe mwenyewe kuomba samahani, usimutume mutoto.

Jumamosi vaa kitambaa chako kizuri, ukae karibu naye. Akifika pale karatasi inakatika, watu wataanza kubishana kama mama alifungua mulango. Usiseme hukusoma shule. Simama, uwaambie wewe ungefanya nini.

Sema kwa sauti, Keren asikie.