Siku Achieng Alipoifufua Seva

Wanjiru wangu,

Hapa Uthiru hatujambo. Babako, mwanangu Kamau, amemaliza kuezeka nyumba ya wapangaji, nami goti linanisumbua kidogo tu. Umeniuliza kama niliwahi kumwonea mwenzangu wivu kazini. Sana!

Nilikuwa nasimamia seva katika kampuni moja huko mjini. Ikaanza kukataa barua pepe za wateja, ikidai faili zilizofunguliwa zimepita kiwango. Nikaongeza kiwango, ikafanya kazi. Kesho yake ikakwama tena. Bosi akamwita Achieng, msichana aliyeajiriwa juzi tu. Akachunguza, akagundua kuna programu inayofungua faili bila kuzifunga. Akairekebisha kabla ya chakula cha mchana. Ofisi nzima ikampigia makofi, nami nikapiga huku roho ikiniuma.

“Huyu msichana ni moto!” bosi akasema.

“Si mimi pekee, bosi,” Achieng akajibu. “Jana Mama Kamau ndiye aliyetuokoa. Bila yeye wateja wangetuhama.”

Wivu haukuisha, mjukuu wangu. Ulizidi, maana sasa nilitamani hata moyo wake.

Vaa sweta huko kwenye baridi.

Cucu wako